Jampsiti na Geti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Uwanja wa Ndege Mtwara

Nimesimama kwenye geti la kuondokea hapa Mtwara kwa miaka kumi na moja. Katika muda wote huo hakuna kilichonigombanisha na watu ninaowaheshimu kama kiti kimoja cha kukunja kilicho nyuma ya marubani. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na vijana wanaoanza kazi ya geti, na marubani wanaopita kwetu wakirudi Dar es Salaam, na abiria walioona watu wazima wenye sare wakibishana bila kujua kisa ni nini. Najibu kama mtu wa geti. Lakini rubani naye ana lake la kusema, na nimejitahidi kulisikiliza.

Jampsiti ni kiti gani?

Ni kiti cha kukunja ndani ya chumba cha marubani, nyuma ya kapteni na rubani msaidizi. Kwenye ndege ndogo za propela kama ATR na Dash 8, ambazo watu wa Kusini tumezizoea, ukikikunjua kinaziba njia ya mlangoni, na anayekikalia magoti yake yanakaribia migongo ya viti vya mbele. Kina mkanda wa kiunoni na wa mabegani, na barakoa yake ya oksijeni.

Kiliwekwa kwa ajili ya mkaguzi, mwalimu wa marubani, au rubani mwanafunzi anayetazama wenzake wakifanya kazi. Ndiyo maana kwenye vitabu kinaitwa kiti cha mtazamaji. Kumsafirisha rubani aliye nje ya zamu ni matumizi yaliyokuja juu ya hayo.

Msikichanganye na kile cha kukunja cha wahudumu, karibu na mlango wa abiria. Kile ni cha mhudumu mwenye kazi ya kufungua mlango siku ya dharura, na habari yake ni nyingine kabisa.

Nani anaruhusiwa kukikalia?

Wafanyakazi wa ndege walio kazini, mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) mwenye kitambulisho chake, na mtu ambaye kitabu cha uendeshaji cha shirika kinamruhusu. Hicho kitabu kila shirika linacho chake, na ndicho cha kufungua kwanza kabla ya kufungua mdomo. Kuna rubani anayekuja na hoja ya "kwa wenzetu wanafanya hivi". Ya kwa wenzetu yanaweza kuwa kweli huko kwao, lakini geti la hapa linafuata kitabu cha shirika ambalo ndege yake imesimama hapa nje.

Mwenye kauli ya mwisho ni kapteni au mtu wa geti?

Hili ndilo swali lenyewe, na nitalijibu taratibu.

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijapanda angani. Rubani alikuwa mtu anayejua maji, anayekiongoza chombo kati ya miamba hadi bandarini. Watu wa Mikindani hawahitaji kuelezwa kwamba chombo kikishatweka tanga hakina wakubwa wawili. Sheria ya anga inasema vivyo hivyo. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 unampa kapteni mamlaka juu ya kila aliyemo ndani tangu milango yote ya nje inapofungwa baada ya abiria kupanda, hadi mlango mmoja unapofunguliwa ili washuke. Hata kabla ya hapo, kapteni anaweza kumkataa mtu yeyote asiingie chumbani mwake. Si lazima amweleze mtu wa geti sababu.

Lakini kabla mlango haujafungwa kuna kazi ambayo kapteni haifanyi na hawezi kuifanya akiwa amekaa mbele akisoma orodha ya ukaguzi. Kitambulisho kiangaliwe kama ni halisi na hakijaisha muda. Leseni iangaliwe. Jina liingizwe kwenye orodha ya waliomo ndegeni, ili likitokea la kutokea tujue ni watu wangapi. Uzito wake uingie kwenye hesabu. Hiyo ni kazi ya geti, na ikiwa haijafanyika, ruhusa ya kapteni haimpandishi mtu.

Kwa hiyo hapana ya mmoja inatosha, ndiyo inahitaji wote wawili. Kapteni akikataa, imekwisha. Nyaraka zikigoma getini, imekwisha pia. Ugomvi ninaoujua mimi unatokea pale mmoja anapodhani ndiyo yake peke yake imemaliza kazi, au mtu wa geti anaposema hapana isiyokuwa yake kuisema. Hilo la pili niliwahi kulifanya.

Lilikuwaje?

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho, ndege ya jioni imejaa hadi kiti cha mwisho. Wanunuzi wanarudi Dar, akina mama wana maboksi ya pweza yaliyofungwa kwa gundi ya karatasi, kila mtu ana mfuko wa korosho wa kupelekea watu. Orodha nilikuwa nimeshaifunga. Kijana mmoja akaja mbio kutoka kwenye teksi, shati jeupe, mabega ya sare ameyavua ameyatia mfukoni, begi la magurudumu mkono wake umezungushiwa utepe mweusi. Ni rubani wa shirika lile lile nililolihudumia siku ile. Alikuwa likizo, ametoka kumzika bibi yake Newala, na gari lilipata pancha Mnivata.

Akaniambia, "Dada, kapteni anajua nakuja. Nimempigia simu njiani."

Nikatazama orodha. Jina lake halimo. Nikamwambia geti limefungwa.

"Ameshaniruhusu kapteni. Wewe unakataa kama nani?"

Nilikuwa nimesimama tangu saa nne asubuhi, na neno hilo lilinichoma. Nikamjibu, "Kama mwenye geti." Hakuna aliyeongeza kitu. Kupitia kioo tuliiona ngazi ikiondolewa na propela ya kulia ikianza kuzunguka. Kijana alisimama pale na begi lake hadi ndege ikageuka.

Kesho yake kapteni yule yule alirudi na safari ya Mtwara. Alishuka, akanisalimia vizuri, halafu akauliza, "Mama, redio ilikuwa mbovu jana?"

Redio haikuwa mbovu. Ilikuwa mkononi mwangu. Ningebonyeza, kijana wa maegesho ya ndege angepanda ngazi akamuuliza kapteni, na jibu lingerudi kabla hatujamaliza kubishana. Huenda jibu lenyewe lingekuwa hapana, kwa sababu ya uzito au muda. Lakini lingekuwa hapana ya mwenye ndege. Ile niliyoitoa mimi ilikuwa ya hasira, na nikaivika koti la utaratibu.

Yule kijana naye alikosea. Kumpigia kapteni simu ya mkononi si kujiandikisha. Ilibidi apige na ofisi yetu. Lakini kosa lake lilitokana na pancha. Langu nililichagua.

Kiti kiko wazi. Kwa nini naambiwa uzito haukubali?

Kwa sababu kiti na uzito ni hesabu mbili tofauti. ATR 72 ina ukomo wa uzito wa kuruka wa takriban tani 23, Dash 8-400 takriban tani 29. Ndani ya hizo tani kuna ndege yenyewe, mafuta ya safari, mafuta ya akiba ya kwenda uwanja mwingine kukiwa na hali mbaya ya hewa, watu, na mizigo. Watu wengi wanadhani tatizo ni urefu wa uwanja. Njia yetu ya kurukia imerefushwa hadi mita 2,800, na kwa ndege za propela hiyo ni ndefu ya kutosha. Kinachobana ni kingine: mafuta mengi siku ya mawingu mazito, na mizigo ya msimu wa korosho. Begi moja la mkononi lililojaa korosho halionekani kubwa, lakini jaribu kulinyanyua.

Tena mtu wa jampsiti anakaa mbele kabisa. Kilo 90 puani mwa ndege hazifanyi sawa na kilo 90 katikati. Zinasogeza mizania yote. Ndiyo maana lazima aandikwe kwenye karatasi ya uzito, ile tunayoiita lodishiti, pale pale alipokaa. Hawezi kuongezwa kimya kimya baada ya karatasi kusainiwa.

Vijana wa geti naomba mnielewe vizuri hapa. Sisi hatuna mamlaka ya kusema "uzito haukubali" kwa kukisia. Kapteni ndiye anayejua kama anaweza kupunguza mafuta kidogo na bado akabaki ndani ya sheria. Tumpelekee namba, aamue. Marubani wengi wamenieleza kwamba kinachowaudhi kuliko vyote ni kufika Dar na kusikia kuna mwenzao aliyeachwa Mtwara kwa sababu ya uzito, wakati wao hawakuulizwa na nafasi ilikuwepo.

Marekani wanafanyaje? Nasikia huko rubani anapanda ndege ya shirika lolote bure.

Karibu na hivyo, ila si holela. Marubani wengi wa Marekani wanaishi mji mmoja na kuanzia zamu mji mwingine, kwa hiyo jampsiti kwao ndiyo daladala ya kwendea kazini. Mashirika yamekubaliana kubebeana marubani. Kanuni ya serikali yao namba 121.547 inataja nani anaweza kuingia chumba cha marubani, na ruhusa ya kapteni ni lazima.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, viti hivyo vilifungwa kwa marubani wa mashirika mengine. Vilifunguliwa tena ulipokuja mfumo wa kompyuta uitwao CASS. Mtu wa geti anaingiza shirika na namba ya mfanyakazi, kompyuta inamletea picha na jibu: bado ni mwajiriwa na ameruhusiwa, au la. Baada ya hapo rubani anakwenda mbele kumwomba kapteni kwa mdomo wake.

Na huko nako ugomvi ni huu huu tunaoujua. Rubani anafika dakika za mwisho, mtu wa geti ana abiria wa kusubiri ishirini mbele yake, ukaguzi wa kompyuta haufanywi, mlango unafungwa, kapteni hakuambiwa kitu. Mfumo wa kompyuta ulimaliza swali la "huyu ni nani". Swali la watu wawili kusemezana kwa wakati haukuligusa.

Kwa nini ukali wote huu kwa mtu anayerusha ndege kila siku?

Rubani mmoja aliniuliza hivi kwa uchungu wa kweli, na niliona ana haki ya kujibiwa kwa mifano.

Tarehe 7 Desemba 1987, mfanyakazi wa shirika la ndege huko California aliyekuwa amefukuzwa kazi alitumia kitambulisho ambacho hakuwa amenyang'anywa, akakwepa ukaguzi na kupanda na bastola. Ndege ya shirika la PSA ilianguka, watu wote 43 wakafa. Tarehe 7 Aprili 1994, mhandisi wa ndege wa FedEx alipanda ndege ya mizigo ya shirika lake mwenyewe huko Memphis kama msafiri wa jampsiti, akawashambulia wenzake watatu kwa nyundo. Walijeruhiwa vibaya, lakini walipambana naye na kuitua ndege. Na tarehe 22 Oktoba 2023, ndani ya ndege ya Horizon Air iliyokuwa ikielekea San Francisco, rubani aliye nje ya zamu alinyanyuka kutoka jampsiti na kujaribu kuvuta vishikio vya kuzimia moto, ambavyo vingezima injini zote mbili. Wenzake walimzuia na kutua Portland.

Wote walikuwa na vitambulisho vya shirika. Ninapokitazama chako mara mbili, sikudhanii ubaya. Nahakikisha kwamba leo bado ni chako.

Basi si bora kiti kifungwe kabisa?

Hapana, na hili nalisema kwa moyo wote, maana kuna wenzangu wa geti wangependa kifungwe tupumzike.

Tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air, shirika la Indonesia, aina ya Boeing 737 MAX iliruka kutoka Denpasar kwenda Jakarta na kuanza kusukuma pua chini yenyewe. Marubani wawili walikuwa wamezidiwa na kazi. Kwenye jampsiti alikuwepo rubani wa tatu, msafiri tu. Yeye mikono yake haikushika kitu, kwa hiyo macho yake yaliweza kuona picha nzima: alisaidia kutambua tatizo, wakazima swichi za mota inayosogeza mkia, wakafika salama. Asubuhi iliyofuata ndege ile ile, yenye marubani wengine na bila mtu wa tatu, ilianguka baharini na watu 189 wakafa.

Kuna pia Dennis Fitch. Tarehe 19 Julai 1989 alikuwa amekaa na abiria ndani ya ndege ya DC-10 ya shirika la United la Marekani wakati mifumo yote ya usukani ilipopotea angani. Alikuwa mkufunzi wa ndege hiyo hiyo. Alikwenda mbele, akapiga magoti kati ya viti vya marubani na kuisaidia ndege kugeuka kwa nguvu za injini tu, hadi Sioux City. Kati ya watu 296, walipona 184.

Rubani wa ziada ni akiba. Tukimwacha getini bila sababu, tunamnyima kapteni akiba hiyo.

Mimi ni rubani. Nifanye nini ili nisiachwe?

Jiandikishe ofisini mapema, si kwa simu ya kapteni peke yake. Fika kabla kaunta ya kupokea mizigo haijafungwa, ukiwa na kitambulisho, leseni na cheti cha afya, vyote mkononi. Nimeona kapteni wa miaka ishirini akifungua begi zima sakafuni kutafuta leseni huku abiria wanampita.

Salimia. Hili si dogo huku kwetu. Ukija moja kwa moja na "nipo jampsiti" bila habari za asubuhi, umeshaanza kudaiwa kabla hujaomba. Sema jina lako, sema unaomba, halafu kaa mahali ninapokuona. Ukiingia ndani ya ndege, omba tena kwa kapteni hata kama mlisoma darasa moja. Usiende na begi kubwa. Kama umekunywa, hata jana usiku, usije kabisa kuomba kiti cha mbele.

Ukishakaa, nyamaza mpaka ndege ifike juu. Marekani waliweka kanuni mwaka 1981 kwamba chini ya futi 10,000 hakuna maongezi yasiyohusu kazi, na marubani wengi wa kwetu wanaishi kwa kanuni hiyo pia. Sasa wewe ni jicho la ziada: ukiona kitu hakiko sawa, sema. Kama huoni kitu, hadithi za Dar zisubiri.

Mimi ni mpya getini na rubani ananipandishia sauti mbele ya abiria. Nimjibuje?

Usimjibu mbele yao. Sema, "Kapteni, nipe dakika moja niulize," halafu uliza kweli, kwa redio, asikie unavyouliza. Jibu likija, mpe kama lilivyokuja na utaje limetoka kwa nani. "Kapteni amesema hapana" na "mimi nimesema hapana" hayafanani hata kidogo. Kama kosa ni la nyaraka, mwonyeshe kwenye karatasi kwa kidole. Baadaye andika ripoti ya mistari mitano yenye saa na maneno yaliyotamkwa, bila matusi wala sifa. Usiwe mtumwa wa mabega ya dhahabu, lakini pia usiufanye mlango kuwa mahali pa kulipizia vyeo.

Marubani wawili, kiti kimoja. Nani apande?

Kitabu cha shirika. Kwingine ni aliyetangulia kujiandikisha, kwingine ni cheo au miaka ya kazi. Kama kuna kiti cha abiria kilichobaki wazi na tiketi ya stafu inakubali, mmoja akae huko na tatizo limekwisha.

Rubani mwenye sare anaweza kupita bila ukaguzi?

Hapana.

Mimi ni abiria. Mwanangu anaweza kukaa jampsiti?

Ndege ikiwa angani, hapana. Tangu Novemba 2003, viwango vya kimataifa vinataka ndege za abiria zenye viti zaidi ya 60 ziwe na mlango wa chumba cha marubani usiopenya risasi, na mlango huo unafungwa kwa ufunguo safarini. Lakini ndege ikiwa imesimama na abiria wameshashuka, muombe mhudumu kwa upole. Nimeona marubani wakiwaita watoto wa Shangani na Chikongola mbele na kuwaonyesha usukani, na kuna mtoto alitoka pale akitembea kama amevuliwa uzito wote.

Nikiachwa, nifanyeje?

Piga simu kwa wapanga zamu wenu saa hiyo hiyo, kabla hujalalamika kwa mtu. Kuna basi la kwenda Dar, kama kilomita 560 kupitia Mingoyo, Nangurukuru na Somanga, lakini rubani aliyekesha barabarani hafai kushika zamu ya asubuhi, kwa hiyo usiwaahidi utakachoshindwa. Mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hiyo Mei 2024, tulijifunza wote kwamba basi nalo si uhakika.

Na kwa mtu wa geti: aliyeachwa bado ni mgeni wako. Mpe mahali pa kukaa na pa kuchajia simu, mwambie ndege inayofuata ni saa ngapi, na jina lake liandike kwenye orodha ya kesho wewe mwenyewe, akiona. Jioni ile ya Novemba nilizima taa ya kaunta nikaondoka. Kijana wa Newala alikuwa bado amesimama nje kwenye giza na begi lake, akiongea na simu, na nyuma ya kaunta yangu kulikuwa na kiti.